Bega Lililozoea Kutoka

3 Februari

Mume wangu,

Mama Fundi anataka tuanze na kuulizana hali. Nimemwambia hali yako naijua, bega limetoka, ndiyo maana tunaandika. Amecheka, kachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake, kashika kalamu. Andika na hilo la kucheka, Fundi, ajue bado tuna meno.

Barua yako ameisoma mara mbili. Ya kwanza kwa ajili yangu, ya pili kwa ajili yake, akitafuta habari za mwanawe humo ndani. Mwambie Kijiti kwamba kulala chumba kimoja na wewe si kuandika barua. Simu mmefungiwa kabatini, sawa, kalamu nazo mmefungiwa?

Sasa bega. Usinililie. Bega kutoka si ugonjwa. Mfupa umetoka kwake, unarudishwa kwake, basi. Mimi sijui hata herufi moja, ila mikono hii imerudisha mabega ya wapakia mizigo, wacheza mpira, na yule kinyozi aliyeteleza bafuni akaapa kaanguka kazini. Kwa hiyo sikiliza. Ukianguka tena kwenye huo ukuta wenu wa mazoezi likatoka, lala kifudifudi juu ya meza, mkono uning'inie. Kijiti akufunge ndoo kwenye kifundo cha mkono, pale unapovaa saa. Akufunge, asikushikishe, maana ukishika unakaza. Atie maji kidogo kidogo. Wewe pumua, fikiria upuuzi. Nyama ikichoka kushindana, mfupa utaingia wenyewe. Asivute mtu! Wavutaji ndio wavunjaji.

Na daktari wa kambi usimwambie.

Fundi kainua kichwa ananitazama. Andika, mwanamke! Kazi ya daktari wa jeshi ni kutenga wazima na wabovu. Akishakuandika mbovu, mume wangu, utarudi hapa kukaa barazani na mimi tukisema watu. Nakupenda, lakini si kiasi hicho.

Mkeo wa kwanza,
Bibi

Mimi Mama Fundi naongeza langu: mwanangu, haya ya ndoo nimeyaandika kama alivyosema. Ila kuwa mwangalifu. Na mwambie huyo mtoto wangu ale.

27 Februari

Shikamoo Bibi, shikamoo Mama Fundi,

Ndoo imefanya kazi! Tulijifungia kwenye ghala la mahema, Kijiti akanilaza juu ya makasha, akafunga ndoo, akaanza kumimina huku anaigiza sauti yako: "Tulia, mume wangu, fikiria upuuzi." Nikamwambia upuuzi ninaofikiria ni uso wake. Tukacheka, na katikati ya kicheko likaingia. Linalia kama kitasa.

Lakini Bibi, tangu hapo limetoka tena na tena. Jumapili lilitoka nikivua fulana. Fulana tu! Kijiti sasa amekuwa fundi, hata maji hahitaji, anatumia mfuko wa mchanga. Akisikia ile sauti usiku nikigeuka kitandani, anaamka kabla sijamwita.

Yeye anasema niende zahanati. Tumegombana kidogo. Nimemwambia neno la Bibi ni moja. Tena juzi tulipimwa wote, daktari akasema inueni mikono juu. Niliinua. Meno nusura yavunjike, ila niliinua, akanipitisha. Sajenti kanidokeza kwamba jina langu limo kati ya watakaopewa ukoplo. Bibi, utakuwa mke wa koplo.

Mama Fundi, Kijiti anakula kuliko sisi wote na haongezeki. Anasema ataandika.

Mumeo

15 Machi

Mume wangu,

Mke wa koplo hajapata usingizi tangu barua yako isomwe.

Kutoka kwenye ukuta, hiyo naielewa. Kutoka kwa fulana, hiyo siielewi. Mlango ukishalegea bawaba, hata upepo unaufungua. Nimewaza mabega yote niliyopata kuyashika. Aliyerudi kwangu na bega lile lile nilimwambia aache kubeba magunia, akauze kitu cha kukaa. Walioendelea kurudi niliwaambia siwawezi tena, waende hospitali. Wewe sikukwambia hivyo. Fundi, usiniulize kwa nini. Andika tu kwamba sikumwambia.

Sasa tumefanya hivi. Fundi amechukua shati lako la zamani, kalipima, kakata turubai na mkanda wa begi, kashona mshipi wa kuvaa chini ya kombati. Unazunguka kifua, unapanda begani, unashika mkono usipande juu kupita kiasi. Ameushona kwa mishono mitatu mitatu. Nilimwambia unatosha, akanijibu, "Bibi, wewe ujuzi wako mifupa, wangu uzi, tuheshimiane." Umo kwenye kifurushi hiki. Uvae. Usiache hata siku moja.

Na huyo Kijiti anayeamka usiku kwa ajili yako, mheshimu. Wengine wana ndugu wa tumbo moja wasioamka hata nyumba ikiungua.

Bibi

9 Aprili

Shikamoo Bibi, shikamoo Mama Fundi,

Natumaini mu wazima. Mimi ni mzima.

Ninaandika kuwajulisha kwamba Kijiti alipata ajali kwenye mazoezi ya ukuta. Mimi nilikuwa juu, yeye alikuwa anapanda. Alianguka. Paja limevunjika na nyonga imeumia. Amelazwa hospitali ya jeshi na anahudumiwa vizuri. Imesemekana alishika vibaya.

Mama Fundi, pole sana. Tunamwombea.

Bega langu halina neno. Mshipi unafaa, ahsanteni.

Mjukuu wako

22 Aprili

Mume wangu,

Ukiona wino umetapakaa, ni machozi ya Fundi, si mvua. Nilimwambia leo tusiandike. Akasema akiweka kalamu chini mikono yake haitajua pa kwenda. Cherehani hajaigusa. Kuna sare za watu zimekatwa hazijaunganishwa, wenye nazo wanapita mlangoni hawasemi kitu.

Kijiti hatimaye ameandika. Mistari miwili: "Mama niliteleza mwenyewe, usimlaumu mtu. Naendelea vizuri." Mtoto huyu hajawahi kuteleza. Alikuwa anatembea juu ya ukuta wa shule kama paka, mimi namtukana kutoka chini.

Na imekuja karatasi ya jeshi pia. Fundi kanisomea. Wanasema mwenzake wa juu alimpa mkono, yeye akashika vibaya, na kamati itakaa mwishoni mwa Mei. Ikithibitika aliumia kwa uzembe wake, wanamtoa jeshini na mguu ulivyo, tumtibu wenyewe. Ikiwa ni ajali isiyo kosa lake, watamtibu mpaka asimame na watamtafutia kazi ya kukaa. Na kwa sasa, kwa maneno yake mwenyewe, ni uzembe.

Fundi anataka niweke na hili, naweka ingawa silipendi: anakuomba radhi. Anasema ulimpa mwanawe mkono naye akashindwa kuushika, ungeweza kuvutwa nawe ukafa. Anasema amemlea vibaya. Nimemwambia anyamaze. Hanyamazi.

Mimi nina swali moja. Barua yako iliandikwa kama tangazo la ofisi, hakuna hata "mume" ndani yake. Ulimpa mkono gani?

Bibi

6 Mei

Shikamoo Bibi, shikamoo Mama Fundi,

Habari za siku. Huku mvua zimekata, vumbi limeanza. Tumehamishiwa mabweni ya juu, yana hewa. Nimepewa ukoplo wiki iliyopita. Hatukusherehekea.

Nilikwenda kumwona Kijiti. Mguu umetundikwa, anasoma magazeti ya zamani na kuwachekesha wauguzi. Anakusalimu, Mama Fundi. Tafadhali usiniombe radhi. Nakuomba usiniombe tena.

Kuhusu swali lako Bibi, mambo yalikwenda haraka, sikumbuki vizuri.

Nilikuwa nafikiri. Mama Fundi ana kazi nyingi na majonzi yake. Je, hapo mtaani hakuna mtu mwingine wa kukusomea barua kwa kipindi hiki? Hata yule mwenye duka la dawa. Ukimpata niandikie jina lake, nitaandika kwa kirefu.

Mumeo

14 Mei

Mume wangu,

Fundi alipofika pale barua yako inapomtaja mwenye duka la dawa alikatiza kusoma. Nikadhani maandishi yamemshinda. Kisha akauliza, "Bibi, kwani macho yangu yana nini?"

Nikasema hayana kitu.

"Basi mdomo wangu?"

Nikageukia moto wangu. Tumekaa hivyo mpaka moto ukazimika jikoni. Akasimama, akasema ana kazi, na cherehani bado hajaigusa. Leo amerudi. Hakuniamkia. Kaketi, kachukua kalamu, kasema, "Sema." Anaandika haniangalii usoni, na mimi kila neno ninalolitoa linapitia mkononi mwake kama uzi kwenye tundu la sindano. Kwa hiyo ninayoyasema hapa, mume wangu, simsemi mtu kisogoni. Yuko mbele yangu.

Sitatafuta msomaji mwingine. Neno lisiloweza kupita kinywani mwa mama yake Kijiti, mimi silitaki sikioni mwangu. Nikilisikia peke yangu nitalifanya nini? Nitakutana naye asubuhi kisimani nimwambie "umeamkaje"? Nimeshiba miaka, lakini sijawa mchawi.

Unasema hukumbuki mkono. Mtu husahau deni, husahau jina la mke wake akilewa. Mkono aliompa mwenzake ukutani haujawahi kusahauliwa na mtu.

Na kama unanihofia mimi, acha. Mimi ndiye niliyesema bega si ugonjwa. Mimi ndiye niliyesema daktari asiambiwe. Ulipoandika habari ya fulana nilijua, nikiwa nimekaa hapa hapa kwenye kigoda, kwamba kazi hii imenipita. Nikaona haya. Wewe ulikuwa unanisifu, ndoo imefanya kazi, ndoo imefanya kazi, nami nikafurahia sifa kama mtoto. Badala ya kukwambia nenda hospitali, nikakushonea mshipi. Nimekupenda kijinga, na upendo wa kijinga una meno.

Kalamu imesimama. Fundi ananiuliza niendelee au niishie hapo. Nimemwambia bado.

Andika, mume wangu. Andika yote, atasoma yeye, kwa sauti, nami nitakuwa nimemshika mkono. Ukitaka kuniudhi maisha, niandikie tena habari za vumbi.

Bibi

25 Mei

Mama,

Barua hii ni yako kwanza, ya Bibi baadaye. Ukiweza kuisoma kwa sauti, isome. Ukishindwa, mpe Bibi aishike tu, ataelewa.

Nilimpa mkono wa kulia. Ndio huo mbovu.

Wa kushoto nilikuwa nimeshika ukingo wa ukuta. Ningeweza kubadilisha. Kanuni ni kwamba aliye juu amvute wa nyuma kwa mkono wenye nguvu, na sajenti alikuwa chini anatazama, na majina ya ukoplo yalikuwa bado hayajasomwa. Kama ningetoa wa kushoto angeuliza kwa nini. Na mshipi wako, Mama, mshipi ulioushona mishono mitatu mitatu, niliuacha chini ya godoro asubuhi ile. Ulikuwa unaonekana chini ya kombati ninapokunja mgongo. Niliona haya.

Kijiti alipoona namnyooshea wa kulia alisita. Alisema, "Huo?" Nikamwambia, "Panda bwana." Akapanda. Alikuwa ameshika sawasawa kabisa, vidole vyake vilikuwa vimenizunguka mkono. Uzito wake ulipokuja, bega likatoka, mkono ukafa, vidole vyangu vikafunguka kama vya mtu aliyelala. Yeye hakuniachia. Mimi ndiye niliyemwachia.

Nilishuka upande wa pili nikaenda nyuma ya ghala nikalirudisha mwenyewe, nikijibamiza kwenye nguzo, kabla sijaenda kumtazama. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Nilirudisha bega kwanza.

Nilipofika alikuwa chini, mguu umekaa upande usio wake. Wote walikuwa wanapiga kelele. Alinivuta karibu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Limetoka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Limerudi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi. Mimi nimeteleza."

Tangu siku hiyo hilo ndilo neno lake. Nilipomwendea hospitali nikamwambia siwezi, alinigeuzia uso ukutani. Akasema, "Wewe una kimoja cha kupoteza, mimi nimeshapoteza changu. Tusipoteze viwili." Nikaona ni hesabu nzuri. Nikavaa cheo. Nakivaa kila asubuhi, Mama, na kila asubuhi mtu ananipigia saluti kwa sababu mwanao amenidanganyia.

Barua hii naitia posta sasa hivi, kabla sijaenda kwa kapteni. Naanza na posta kwa sababu najijua. Ikishaondoka, hata nikiogopa mlangoni kwa kapteni, ninyi mtakuwa mnajua, na itabidi niingie.

Sikuombi unisamehe. Ulipokuwa unaniomba radhi, nilisoma barua ile chooni.

Bibi, usijitwishe. Uliniambia nisimwambie daktari, hukuniambia nimpe Kijiti mkono ule.

Mtoto wenu

12 Juni

Shikamoo Bibi, shikamoo Mama, kama unasoma wewe,

Hakuna jibu lililonifikia. Sidai. Nawapa habari tu.

Nilisema mbele ya kamati. Waliniuliza mara nyingi kwa maneno tofauti, nikajibu neno moja, mimi ndiye niliyemwachia. Walimfuata Kijiti wodini, akaendelea kung'ang'ania kwamba aliteleza, mpaka mwenyekiti akamwambia, "Kijana, mwenzako ameshakutoa huko, toka." Ndipo akanyamaza.

Kwake uzembe umefutwa. Watamtibu mpaka mwisho, na akisimama atapewa kazi ya ghala. Mimi nimevuliwa cheo. Sajenti alikitoa mwenyewe, taratibu, kama anamvua mtoto nguo.

Daktari amenipiga picha ya bega. Ameniita nione. Pale mfupa unapokaa kama yai kwenye kikombe, ukingo wa kikombe umelika kwa kugongwa kila lilipotoka. Aliniuliza nani amekuwa akilirudisha. Nikasema rafiki yangu. Akasema, "Amejitahidi." Nitapasuliwa wiki ijayo. Baada ya hapo nitarudi nyumbani kungoja, huenda wakaniita, huenda wasiniite.

Kijiti hasemi na mimi. Nikiingia wodini anafumba macho. Amekasirika kwamba nimelitupa alilonipa.

Mjukuu wako

28 Juni

Mume wangu,

Barua yako ya Mei ilifika siku Fundi anafungua cherehani kwa mara ya kwanza tangu ajali. Aliijua kwa unene wake. Alikuja nayo kwangu bila kuifungua, nikamshika mkono kama nilivyosema, akauchomoa. Akasema anahitaji mikono yote miwili kushika karatasi.

Aliisoma yote. Kwa sauti. Hakuruka. Pale "nilirudisha bega kwanza" alikosea, akarudi nyuma, akapasoma tena vizuri. Alipofika kwenye "Mtoto wenu" akakunja, akaiweka mapajani mwangu, akaenda kwake akafunga mlango.

Baada ya hapo hatukusemezana. Unajua mlango wake na wangu inatazamana. Asubuhi nafagia, anafagia. Anafagia mpaka katikati, mimi mpaka katikati, tunageuka. Barua yako ya pili ikakaa bila kufunguliwa juu ya kabati langu, maana wa kuifungua ni nani? Mwenye duka la dawa alipita akasema, "Bibi, nikusomee?" Nikamfukuza, maskini, hakunikosea kitu.

Na watu wakaja. Mmoja bega, mmoja kifundo. Kifundo nilikikanda. Wa bega nilimwambia aende hospitali. Akasema, "Bibi, si wewe uliyenirudishia mwaka juzi?" Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana.

Juzi Fundi aligonga. Macho yamevimba, nywele hazijachanwa, kalamu mkononi. Aliingia bila hodi. Akaniambia, nakupa kama alivyosema, na yeye mwenyewe anayaandika sasa hivi kwa mkono wake: "Nimekuwa nikitafuta wa kumlaumu. Nikaanza na mjukuu wako, nikaja kwako, kisha nikakumbuka ile barua ya ndoo, mwandiko ni wa nani? Niliandika 'daktari wa kambi usimwambie' kwa mkono wangu, tena nikaweka nukta. Nilikuwa najua ni upuuzi. Nikaona si mtoto wangu anayeumwa."

Nikamwambia aketi. Akaketi. Tukasoma barua yako ya pili. Pale Kijiti anapofumba macho, alicheka, cheko baya, halafu akalia. Akasema, "Huyo ni mimi mtupu. Akishakasirika huwa anafumba macho." Ameshamwandikia. Sikuambiwa kamwambia nini, na sikuuliza.

Basi haya ndiyo maneno yangu. Kama wameshakupasua, kaa kama daktari atakavyosema, usilete ujuzi wa kwetu. Wakikuruhusu, uje. Uje mchana, watu wakiwa nje, usije ukinyata usiku kama aliyeiba kuku. Mkono ukiwa kitambaani waache waone, wakuulize, uwajibu.

Usianze kwangu. Mimi ni mkeo, nitakuwepo tu. Anza mlango wa pili. Nimemuuliza Fundi akikuona atafanya nini. Amesema hajui. Anasema huenda akakufungulia, huenda akakufungia usoni, anasema hasira yake haijaisha na haitaisha kwa sababu umeandika vizuri. Nimemwambia ana haki. Ana haki mpaka mwanawe akanyage, na hata baada ya hapo.

Akikufungia, usirudi nyuma na usimgongee tena. Keti hapo hapo kizingitini. Mimi nitatoka na kigoda changu nije nikae nawe, maana kosa lile si la kukaliwa na mtu mmoja. Tukae mpaka afungue au mpaka tuchoke, na mimi, mume wangu, sichoki haraka.

Fundi ananiuliza mbona namfundisha mtu namna ya kumshinda, tena kwa kalamu yake mwenyewe. Nimemwambia andika.

Ameandika.

Bibi